Nyumba Isiyotaka Fundi

Mke wangu hakuondoka kwa sababu ya mwanamke mwingine, wala pombe, wala mama yangu. Aliondoka kwa sababu ya kochi. Nalisema hili mapema ili wale majirani waliotangaza mengine washike adabu.

Mimi ni fundi wa makochi. Na sisemi wale wa kubandika kitambaa kipya juu ya uchafu wa zamani. Mimi navua kochi mpaka mifupa, nafunga springi moja moja, kisha nalivisha upya. Mikono yangu haina tatizo. Tatizo langu ni siku. Karakana yangu ni ndogo, kwa hiyo makochi ya wateja yakizidi nilikuwa nayaleta nyumbani, na kwa miaka kumi na moja familia yangu ilikalia makochi ya watu. Mke wangu, ambaye mtaa mzima humwita Mama Pacha kwa ajili ya watoto wetu wawili, alikuwa anazoea kochi, anajua pa kuegemeza mgongo, anajua rimoti huangukia wapi, halafu asubuhi moja mtu anabisha hodi na kulichukua. Wiki inayofuata tunakalia fremu tupu yenye misumari.

Siku aliyokuja mwenye kochi la kijani, Mama Pacha alikuwa amelilalia, ana homa. Yule bwana alikuwa mstaarabu, alisema atasubiri nje mpaka mgonjwa aamke. Mama Pacha aliinuka, akakunja shuka lake, akamsaidia kulitoa mpaka mlangoni, kisha akaingia chumbani kufungasha.

"Nakwenda kwa dada," alisema. "Sikuachi, usije ukaenda kulia kwa mama yako. Ukipata nyumba yenye kochi lisilohama, niite nije niliangalie. Nikiridhika nitabaki. Nisiporidhika, Baba Pacha, tutaongea lugha nyingine. Na usiniambie Jumamosi."

Hapo lazima nieleze. Jumamosi ni siku yetu sisi mafundi. Mteja akiuliza kazi yake itakuwa tayari lini, tunamwambia Jumamosi. Ipi, hatusemi. Mama Pacha ni karani wa zahanati, kazi yake nzima ni kuandika tarehe, na nadhani ndiyo maana jambo hili lilimuuma kuliko lilivyowauma wateja.

Basi nikatafuta nyumba yenye vitu vyake ndani. Wanangu walikuwa shule ya bweni, likizo ilikuwa imebaki wiki tano, na sikutaka warudi wamkute baba yao huku na mama yao kule. Dalali alinizungusha mitaa sita. Nyumba moja ilikuwa na kitanda kisicho na miguu, nyingine ilikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Ya saba ndiyo hii: vyumba viwili, sebule, jiko lenye dirisha, kwenye barabara tulivu nyuma ya shule ya msingi. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mjane, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mweusi shingoni. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama mpaka alipostaafu, na sasa aliishi kwa binti yake mitaa miwili kutoka hapo. Mkataba wake ulikuwa na kurasa sita, haukuwa na kosa hata moja, na alikuwa anaujua kwa moyo. Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimeshambatiza kimoyomoyo jina la Bi Kifungu.

Alinisomea orodha ya vitu huku akiniongoza chumba kwa chumba.

"Namba moja, kochi la watu watatu, moja, la kahawia. Namba kumi na nne, vijiko vya chai, kumi na moja. Namba kumi na tano, saa ya ukutani, haitembei, isitembezwe. Namba ishirini na mbili, kabati la nguo, mlango wa kushoto hufunguka kwa goti."

"Kwa goti, mama?"

"Piga hapa chini na goti, huku unavuta juu. Siyo hivyo. Hivi."

Tukafika kifungu cha tisa. Alivua miwani, maana hiki hakuhitaji kukisoma. "Fundi wa aina yoyote, awe wa umeme, wa bomba, wa mbao, wa saa, wa rangi au wa viti, haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba hii, kwa kazi au kwa salamu."

"Hata kwa salamu?"

"Hasa kwa salamu, mwanangu. Fundi huanza na salamu. Nimepigwa danadana na mafundi miaka arobaini. Nyumba yangu ikiharibika na iharibike kwa amani." Akarudisha miwani. "Wewe unafanya kazi gani?"

Maji yalinifika shingoni. Nilimwaza Mama Pacha kwa dada yake, akikalia kochi la dada, ambalo halijawahi kuhama.

"Nafanya biashara ya vitambaa," nikasema. Haukuwa uongo mtupu. Nanunua vitambaa.

Akaniangalia vidole, ambavyo vina makovu ya sindano na sugu za kamba. "Na vidole hivi?"

"Mlango, mama. Nilibanwa na mlango."

"Vyote kumi?"

"Ulikuwa mlango mkubwa."

Nikatia sahihi. Usiku huohuo vifaa vyangu niliviingiza kwa mfuko wa sokoni, nikavificha ndani ya sufuria namba thelathini na moja, ile kubwa yenye kifuniko.

Sasa nizungumzie lile kochi, na mniwie radhi nikipandisha sauti. Nimeona makochi mabaya. Nimeona kochi lililojazwa magazeti, nimeona kochi lililokuwa na kiota cha panya na panya wenyewe. Lakini lile lilikuwa limetengenezwa na mtu anayechukia binadamu. Ukikaa katikati unazama mpaka magoti yanalingana na masikio. Ukikaa kulia, springi inakudunga pale ambapo huwezi kujikuna mbele ya wageni. Ukikaa kushoto, kochi zima linalia. Mtu mwingine angesema, ah, kochi bovu, akaendelea na chai yake. Mimi nilikuwa nalisikia kila mshono. Nikila, naliangalia. Nikipiga mswaki, nalifikiria. Na mkataba umesema fundi asiingie hata kwa salamu, sembuse kuligusa.

Bi Kifungu alikuwa anakuja kila Ijumaa mchana na penseli kuhesabu vitu vyake. Ijumaa ya kwanza nilishindwa kujizuia.

"Mama, samahani. Kochi hili lilitengenezwa na nani?"

"Na fundi mmoja," alisema, akihesabu vijiko. "Mshenzi."

"Alikuwa mzima kichwani?"

Akaacha vijiko. "Kwa nini unauliza?"

"Mimi sijui mambo ya viti," nikasema, "lakini hata mtu wa vitambaa anaona. Huyu mtu springi hakuzifunga, alizipungia mkono tu. Sikia linavyolia! Na huku, weka mkono hapa, mama, unaona shimo? Hapa aliona njaa, akaenda kula, hakurudi. Hii siyo kazi, hii ni kulipiza kisasi. Mtu huyu alitakiwa kunyang'anywa nyundo akapewa jembe."

Bi Kifungu alianza kucheka polepole, kwa mabega, kisha akalazimika kuvua miwani. Nadhani miaka yote hiyo hakuwa amepata mtu wa kulisema lile kochi naye. Ijumaa ya pili alikuja na machungwa, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha jikoni (kwenye kochi hakukaa hata siku moja) na tukamchambua yule fundi kwa saa nzima. Nilimwita mzembe, nikamwita kinyozi wa mbao. Yeye alimwita maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kwa mtumishi wa mahakama.

"Sura yake ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Sikuiona hata siku moja. Kila nikienda, sauti nyuma ya rundo la makochi inasema, fundi ametoka kidogo."

Ningekuwa na akili ningeshtuka hapo hapo. Lakini hiyo ndiyo desturi ya kazi yetu. Mteja wa Jumamosi akitokea, fundi huinama nyuma ya kochi na kubadilisha sauti. Hata mimi nimeinama sana, mpaka kiuno kinajua njia. Kwa hiyo nilitikisa kichwa tu na kusema, "Mafundi, mama! Mafundi!"

"Mpangaji kama wewe sijawahi kupata," alisema akiondoka. Nilifunga mlango nikijisikia mtu mzuri.

Jumatano ya wiki iliyofuata nilimpigia simu Mama Pacha.

"Nimepata nyumba. Ina kochi."

"La nani?"

"La nyumba. Limeandikwa kwenye mkataba, namba moja. Halihami, haliguswi. Ni kifungu."

Nilisikia watu wa zahanati wakiita namba za wagonjwa. "Jumapili saa sita nitakuja," akasema. "Nitakaa, nitaliangalia, na siku hiyohiyo nitakujibu. Wanangu wakirudi nataka niwe na jibu la kuwapa."

Ijumaa nilimweleza Bi Kifungu kwamba mke wangu anakuja, naye akafurahi kama mama mkwe.

Jumapili asubuhi niliamka, nikafagia, nikapanga vijiko kumi na moja, nikavaa shati jeupe. Halafu nikakaa kwenye kochi mahali ambapo Mama Pacha hupenda kukaa, upande wa kulia, ili nijue atasikia nini. Springi ikanidunga.

Nilisimama. Nikakaa tena. Ikanidunga tena, palepale.

Nilimwona mke wangu akikaa pale, akiinuka taratibu, akichukua mkoba wake. Miaka kumi na moja, halafu nimwalike kwenye hili? Nikajiambia nitakaza springi moja tu, dakika ishirini, hakuna atakayejua. Nikatoa vifaa kwenye sufuria, nikalipindua kochi, nikachana kitambaa cha chini.

Fundi yeyote atakwambia kwamba springi moja haipo. Ile ya kwanza ilikuwa imefungwa kwa waya wa umeme kwenye ya pili, ya pili imefungwa kwenye ya tatu kwa kipande cha kamba ya viatu, na ya tatu haikufungwa kabisa, ilikuwa inaishi humo kwa hisani. Mikanda ya chini ilikuwa imeoza. Nikavuta gunia moja, likaja na jingine, likaja na aproni, likaja na nusu ya sweta ya bluu. Saa nne na nusu kochi lilikuwa limenyonyolewa lote, sebule imejaa manyoya yake, nami nimepiga magoti katikati nikimtukana mwenzangu kwa sauti ya kusikika barabarani.

Ndipo nikaiona penseli.

Nina tabia moja. Ili makochi yasichanganyike, naandika kwenye ubao wa ndani wa fremu jina la mteja na siku niliyoahidi. Siku ikipita, naikata na kuandika nyingine. Kwenye ubao ule pameandikwa: BABA LORI. JUMAMOSI. Imekatwa. Chini yake, JUMAMOSI. Imekatwa. Nikahesabu, zilikuwa tisa. Na kila moja ilianza na J yenye mkia mrefu uliopinda kulia, J ambayo walimu watatu walinichapa kwa ajili yake na ambayo hakuna mtu mwingine ninayemjua anayeiandika.

Nilikaa chini. Nilikumbuka karakana yangu ya kwanza, kibanda nyuma ya mashine ya mbao, miaka kumi na tisa iliyopita, wakati nina nywele nyingi na wateja wengi kuliko adabu. Baba Lori mwenyewe simkumbuki. Nakumbuka tu kwamba siku moja waliingia watu wawili na gari, wamekasirika, wanataka kochi lao hivi sasa, na kwamba nililijaza kwa nusu saa na chochote kilichokuwa karibu. Ile sweta ilikuwa yangu.

Nilijaza misumari midogo mdomoni, kama tunavyofanya mikono ikihitajika kwingine, nikaanza kurudisha magunia kwa haraka. Bado nilikuwa na saa moja na zaidi. Ningelifunika, ningetabasamu, ningekaa mwenyewe upande wa kulia.

Nje nikasikia sauti mbili za wanawake wakicheka, na ufunguo kwenye kitasa.

Bi Kifungu alikuwa ameleta shuka mbili za ziada kwa ajili ya mgeni, namba themanini na nne na themanini na tano, na alikuwa na ufunguo wake. Getini alimkuta Mama Pacha, ambaye amewahi kwa sababu yeye huwahi. Katika hatua kumi na tano kutoka getini mpaka mlangoni walikuwa wameshakuwa ndugu. Mlango ukafunguka, kicheko kikakatika.

Sikuweza kusema neno. Nilikuwa na misumari ishirini mdomoni. Nikaanza kuitema kiganjani, mmoja mmoja, nao wakanisubiri.

"Baba Pacha," alisema Mama Pacha taratibu. "Hata hili?"

Hakusema kwa hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Aliangalia magunia, akaangalia ile mifupa ya mbao, na nikaona akishika mkoba wake vizuri zaidi.

Bi Kifungu alikuwa anaangalia kiganja changu. "Mtu wa vitambaa," alisema, "hatii misumari mdomoni."

"Mama, naomba nieleze."

"Wewe ni fundi." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Ni fundi," alisema Mama Pacha. "Wa makochi. Hakukwambia?"

"Aliniambia amebanwa na mlango."

Bi Kifungu aliweka shuka juu ya meza. Nilijua kinachofuata. Kifungu cha tisa kilikuwa na mtoto wake, kifungu cha kumi, kinachosema mpangaji akivunja cha tisa anaondoka ndani ya siku saba. Lakini hakukisoma. Yeye naye alikuwa binadamu, na kochi lile alilichukia miaka mingi bila kuona ndani yake.

"Kwa kuwa umeshalifungua," alisema, "hebu nione uchafu wa yule mshenzi."

Akazunguka upande wangu. Mkono wangu ulikuwa umeshafika juu ya ubao kabla sijaamua. Nilikuwa nimefunika jina na Jumamosi zote, na kidole gumba kilikuwa kimelowa mate ya misumari. Ilikuwa penseli tu. Kupitisha kidole mara moja, basi, kilichobaki ni mbao. Bi Kifungu angemtukana mtu asiyemjua, mimi ningemsaidia kutukana, pengine ningeomba msamaha wa kifungu na kubaki na nyumba. Nikiikosa nyumba ile, nimemkosa na mke wangu. Nilielewa hivyo, na niliogopa, sitaficha.

Mama Pacha alikuwa amesimama upande wa pili wa fremu. Anaijua J yangu kutoka kwenye karatasi za sokoni za miaka yote ya ndoa yetu, na kati ya vidole vyangu mkia mmoja ulikuwa umechungulia. Aliuona. Akaniangalia usoni.

Nikainua mkono.

"Mama," nikasema, "yule mshenzi ni mimi."

Bi Kifungu alivaa miwani, akainama. Alisoma kwa kidole, kama anavyosoma orodha yake, kutoka juu.

"Baba Lori," alisema. "Hivyo ndivyo mlivyomwita?" Kidole kikashuka. "Jumamosi hii nilikuja mimi, kulikuwa na mvua. Hii nilikuja mimi. Hii alikuja mwenyewe, na mgongo wake ule, akarudi kwa miguu. Hii alikuja. Hii alikuja." Akafika ya tisa, akasimama hapo. "Alikuwa dereva wa lori miaka ishirini na sita. Mgongo ulikuwa umekwisha. Kitandani hakupata usingizi, alipata kwenye kochi hili tu, amegeukia ndani. Likalegea kidogo, akasema tulipeleke kwa fundi likazwe. Miezi kumi na minne. Lilirudi wiki tatu baada ya kumzika."

Akaondoa kidole kwenye ubao.

"Hukumuua wewe, usijipe cheo," alisema. "Moyo ndio uliomuua. Lakini alikwenda akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, pale jikoni. Nilikuwa nawatukana nyinyi. Akaniambia, mke wangu, tulia, Jumamosi siyo mbali."

Nimewahi kuwa na maneno kwa kila mteja: umeme umekatika, kitambaa kimechelewa, nimefiwa na shangazi. Shangazi zangu wamekufa mara nyingi sana. Siku ile yote yaliniishia. Nikasema tu, "Nisamehe, mama."

"Sijakuuliza hilo. Nakuuliza litakuwa tayari lini."

Mdomo wangu, kwa mazoea, ulikwishajipanga kutoa jibu. Mama Pacha akakohoa.

"Leo," nikasema. "Saa kumi."

Bi Kifungu alikwenda jikoni, akarudi na kiti cha plastiki, akakiweka karibu na mlango, akavua saa ya mkononi na kuilaza juu ya goti.

Ilikuwa lazima niende karakana kuchukua sponji, pamba, gunia, mikanda na kamba. Nilipofika mlangoni alinyoosha mguu. "Fundi hatoki," alisema. "Nimeshasikia habari za fundi aliyetoka." Ikabidi Mama Pacha achukue funguo za karakana, aende yeye. Alikaa muda mrefu kule, na kwa nusu saa nzima niling'oa mikanda iliyooza nikiamini kwamba amepanda gari la kwenda kwa dada yake, na kwamba ana haki. Aliporudi na bodaboda iliyobeba sponji kubwa kuliko dereva, karibu nilie.

Alivua viatu, akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti upande wa pili. Miaka kumi na moja alikuwa ameiishi kazi yangu bila kuipenda, lakini aliijua. Alibana springi, mimi nikafunga. "Hiyo imelala," alisema. Nikafungua, nikafunga upya. "Hiyo pia." Nikamwambia hiyo haijalala. Akaisukuma kwa kidole, ikalala. Bi Kifungu alitoa sauti puani. Tulifunga springi ishirini na nne, kila moja kwa pande nne, tukapiga gunia jipya, sponji, pamba juu ya sponji. Kitambaa cha kahawia nilikirudisha kilekile, kwa sababu Bi Kifungu alisema rangi aliichagua mumewe. Sikuinuka kunywa maji. Sijawahi kufanya kazi vile kabla ya hapo, na sijui kama nitaweza tena, maana si kila kazi inapata mjane wa kuisimamia.

Saa kumi kasoro dakika tano nilipiga msumari wa mwisho, tukalisimamisha.

Bi Kifungu alikaa kwenye ukingo. Akasogea nyuma. Kisha akavua viatu, akajilaza wote, akageukia ndani, uso kwenye egemeo. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kumtazama Mama Pacha kwa wasiwasi.

"Mgongo," alisema huko ndani ya kitambaa. "Kweli linashika mgongo."

Alilia kidogo, bila kujificha. Mama Pacha alikwenda kukaa sakafuni karibu na kichwa chake na kumshika bega. Mimi nilikusanya misumari, nikaihesabu, nikaihesabu tena.

Alipoinuka alivaa viatu, akatoa simu, akampigia mkwe wake. "Njoo na pikapu," alisema. "Kuna kochi."

"Kochi gani, mama?" nikauliza.

"La mume wangu. Nililiacha hapa kwa sababu lilikuwa baya, sikutaka kuliona. Sasa ni zuri." Akafungua mkoba, akatoa orodha, akaweka ukingo wa kadi ya zahanati aliyopewa na Mama Pacha kama rula, na kwa mstari mnyoofu akakata namba moja. "Tieni sahihi hapa, nyote wawili."

"Na sisi tutakalia nini?"

"Mkataba unasema vitu vilivyoorodheshwa. Kochi halimo kwenye orodha."

"Na kifungu cha tisa?"

Aliniangalia juu ya miwani. "Kipo palepale. Ukiwa humu ndani wewe ni mpangaji. Nikikukuta tena na msumari mdomoni, natekeleza cha kumi."

Mkwe alikuwa mtu mpole mwenye mabega mapana. Tulilibeba yeye na mimi, na Mama Pacha alishika mlango usijifunge. Sikuthubutu kumwangalia. Kitu kimoja alichoomba duniani ni kochi lisilohama, nami nilimwita mpaka hapa, nikamtoa jasho siku yake ya mapumziko, na kumshikisha mlango alisindikize jingine. Bi Kifungu alikaa nyuma kwenye pikapu, juu ya kochi, ameshika mkoba wake, na alipofika kona alipunga mkono.

Tuliporudi ndani sebule ilikuwa na meza, saa isiyotembea, na pembe nne za vumbi mahali kochi liliposimama. Nilianza kusema kwamba nitatengeneza letu, lenyewe kabisa, na kwamba litakuwa tayari siku ya... nikanyamaza mwenyewe.

"Kidole chako kilikuwa kimelowa," alisema Mama Pacha.

"Kidole gani?"

"Unakijua. Nilikiona. Nilikuwa nahesabu moyoni. Nilisema nikifika tano na hajainua mkono, naondoka na yule mama."

"Ulifika ngapi?"

"Nne." Alikuwa anavaa viatu, ameegemea ukuta kwa mkono mmoja kwa sababu hapakuwa na pa kukaa. "Twende kwa dada tukachukue nguo zangu."

"Sasa hivi? Nimechafuka, Mama Pacha, ngoja basi nioge, hata kesho..."

"Sasa hivi," alisema, "kabla hujapata mteja."

Nilikwenda na shati lilelile.